Kifua cha Inchi Thelathini na Tatu

Shamba la Mkonge,
Zegereni, Kibaha.
14 Shaabani 1370 (21 Mei 1951)

Kwa dada yangu mpenzi, Mwanahalima binti Abdala, Maneromango.

Shikamoo dada. Naomba uipokee shikamoo hii ukiwa umekaa kitako, si umeinama shambani na jembe, maana barua ni ndefu na mgongo wako naujua. Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri. Wasiwasi wangu uko kwenye goti lako la kushoto, kama masika haya yamelisumbua au yameliacha lipumzike. Nataka pia kujua habari za paa la jikoni. Niliezeka upande ule kwa haraka siku ya kuondoka, na nakumbuka ulivyolitazama. Kama limevuja, nitukane tu, nitasikia huku huku.

Usishtuke kuona herufi hizi. Barua zote nilizokuletea tangu nije Zegereni niliandika kwa herufi za Kizungu, na najua ulikuwa ukizipeleka kwa Mwalimu Husseini wa skuli akusomee, naye husoma kwa sauti ya kuwafikia watu wa ng'ambo ya bonde. Hii nimeiandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile tulizofundishwa mimi na wewe juu ya mkeka mmoja, ili uisome peke yako. Zimenipotea kidogo, kwa hiyo ukikuta nukta imekaa pasipo pake usinicheke. Kuna neno humu ambalo ni lako na langu tu. Nitalifikia. Usirukie mwisho kulitafuta, maana nakujua.

Habari ya bomani Kisarawe nayo nitaifikia kwa utaratibu wake. Nikiitaja sasa hivi utaiweka barua chini, ama upige vigelegele ama ulie, na yaliyobaki hutayasoma.

Kwanza nikuambie ukweli wa mwaka jana, maana nilikupa nusu. Niliporudi kutoka Kisarawe nilikuambia kwamba askari polisi waliotakiwa walikuwa wameshatimia. Haikuwa hivyo. Nafasi zilikuwepo, ila mimi nilipimwa kifua nikaonekana nina inchi thelathini na nusu, na mtu haandikwi kama kifua chake kikiwa kimetulia hakijafika thelathini na tatu. Yule sajini wa kuandikisha, mtu mnene mwenye kovu kwenye kidevu, alinizungusha mbele ya wenzangu arobaini akasema kwamba kifua hiki kikavishwe kanzu kiende maulidini, yunifomu ya serikali kitaiangusha. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilitembea kutoka pale mpaka Maneromango kwa miguu nikitunga uongo wa kukuambia.

Nawe ukaupokea uongo wangu ukanipa maji ya kuoga. Jioni ile ile Mwinyijuma fundi seremala akaja mlangoni, akaketi kwenye kile kigoda alichokutengenezea yeye mwenyewe, akakuposa kwa mara ya tatu. Mimi nilikuwa ndani nasikia. Ukamjibu kwamba baba alikukabidhi mtoto kabla hajafa, na mpaka mtoto huyo avae vifungo vya serikali na ajilishe mwenyewe, hutafikiri mambo yako. Mtoto mwenyewe ndiye mimi, mtu wa miaka ishirini na moja mwenye ndevu. Sikulala vizuri, dada. Nilijua sasa kwamba ule upungufu wa inchi mbili na nusu haukuwa wangu peke yangu. Ulikuwa umelala katikati ya mlango wako, na Mwinyijuma anazidi kuota mvi.

Ndiyo sababu iliyonileta huku kwenye mkonge. Nilijiambia kazi ya mkonge ni nzito, itanijenga. Na kweli ni nzito. Unabeba matita kutoka mashambani mpaka kwenye toroli, miiba inakuchoma, na ukichelewa mnyapara anakusifu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa herufi hizi takatifu. Miezi miwili ya kwanza nilibeba kama punda, nikala posho yote ya unga wa mahindi niliyopewa. Jioni nilikuwa nasonga ugali wa watu watatu, namaliza mwenyewe kwa chumvi na kisamvu kidogo. Nikajitazama kwenye pipa la maji. Kifua kilikuwa kile kile, ila tumbo limetangulia mbele kama la mwanamke wa miezi mitano. Nikaona aibu hata kuvua shati kisimani.

Hapo ndipo alipoingia Kitwana, ambaye nimekutajia katika barua zilizopita lakini sikukueleza vizuri. Ni mtu mzima wa miaka hamsini hivi, Mnyamwezi, mlinzi wa ghala la singa, nyuzi za mkonge. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita, akafika mpaka Burma, na bado anatembea kama kuna mtu anamhesabia hatua. Kwa kuwa yeye Mnyamwezi na mimi Mzaramo, hatukuhitaji kujuana kwanza ndipo tutaniane. Siku aliyoniona kisimani alisema kwa sauti ya kila mtu kwamba amekuwa akisikia Wazaramo ni mabingwa wa kucheza ngoma na kula, sasa leo ameona ushahidi wa hilo la pili. Nikamjibu kwamba Mnyamwezi akitua mzigo kichwani hana kazi nyingine ya kichwa hicho. Akacheka sana, akaniuliza ninataka nini hasa. Nikamwambia inchi mbili na nusu.

Dada, mtu huyu alinifundisha mambo ambayo nikikueleza utasema ni ya jikoni, yako wewe, kumbe ni ya kijeshi. Aliniambia kwamba ugali na bada la muhogo ni nguvu ya kubebea mzigo wa leo, unaungua wote kama kuni, na ukizidi unakaa tumboni. Nyama ya mwilini inatoka kwenye kunde, choroko, karanga, samaki, maziwa na mayai. Huko Burma walikuwa na daktari aliyewapimia kila kitu kwenye mizani, na aliyekosa kunde wiki mbili alionekana mabegani. Akanipunguzia ugali mpaka ngumi mbili, akaniamuru nile kunde mchana na jioni. Nikamlalamikia kwamba kunde zinanijaza upepo. Akasema upepo utatoka, kunde zitabaki.

Mazoezi yetu yalikuwa nyuma ya ghala, kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano baada ya kazi. Kulikuwa na ekseli ya toroli iliyovunjika, tukaifunga madebe mawili ya mchanga huku na huku, nikawa nalala kwenye ubao naisukuma juu, kisha nasimama naiinua mpaka kichwani. Halafu kujivuta kwenye tawi la mfenesi mpaka kidevu kipite tawi, halafu kupiga pushapu huku yeye amekaa kwenye kiti anakunywa kahawa. Kila wiki tatu aliongeza kibaba cha mchanga katika kila debe. Nikifika mahali mikono inatetemeka na kiinuo kinachofuata siwezi, ndipo aliposema basi.

Mimi na haraka yangu nikaona siku tatu kwa wiki ni kidogo. Nikawa naiba ekseli mchana wa mapumziko, na siku za Jumanne na Alhamisi pia. Wiki ya pili mabega yalivimba, nikapata homa, nikashindwa hata kujinawisha uso. Kitwana alinijia na dawa ya kuchua, akanichua kwa hasira. Akaniuliza kama nimewahi kukandika nyumba. Nikasema nimewahi. Akaniuliza nikipiga tope juu ya tope lililo bichi kinatokea nini. Nikasema linaporomoka lote. Akasema basi mwili ni ukuta, unakandika leo, kesho unaacha ukauke, na ukuta unakauka mtu akiwa amelala. Tangu siku hiyo nimekuwa mlalaji mwenye nidhamu.

Alikuwa na kipimo chake pia. Alisokota uzi wa mkonge, na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi aliuzungusha kifuani pangu chini ya kwapa akafunga fundo mahali ulipokutana. Uzi huo nimeuweka ndani ya bahasha hii. Ushike uone. Fundo la kwanza na la pili yameachana upana wa kidole gumba. Ule mwanya mpana zaidi, wa fundo la tatu na la nne, ni mwezi ulipoanza kuniletea mayai.

Nilikuwa nimekuandikia tu kwamba mzee mmoja ananihimiza nile mayai na huku ni adimu. Sikuomba. Nawe hukujibu kwa barua, ulijibu kwa kapu. Shomari wa lori la kopra akanishushia kapu lako pale njia panda, mayai ishirini yamelazwa kwenye pumba, hata moja halina ufa, na pembeni kunde na karanga zilizochaguliwa. Mwezi uliofuata tena, na uliofuata tena. Nilikula mayai mawili kila siku ya mazoezi, asubuhi moja na jioni moja, na Kitwana alipoona fundo la tano alisema dada huyo angekuwa Burma vita vingekwisha mapema. Alikutania zaidi ya hapo lakini hayo nayaacha.

Basi mwishoni mwa mwezi wa mfungo saba likaja kapu la nne, na Shomari akaniambia kwamba hilo ni la mwisho kabla ya masika, kwa kuwa mvua zikianza barabara ya kwetu hailikubali lori. Kitwana akahesabu. Zilibaki inchi moja kasoro robo, na bomani watapima mwezi wa Shaabani. Akasema mayai haya ishirini ndiyo yatakayonivusha, niyale kwa mpango, kidogo kidogo.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, nikaenda Mlandizi kumjulia hali shangazi Mwanamvua, dada yake baba. Amezeeka lakini mikono bado ina kasi. Alifurahi kuniona, akaniambia nimekuwa mtu sasa, akanikaangia mayai manne. Kisha akachukua sahani, akajipakulia mawili, akaanza kula.

Nilimshika mkono. Nilimwambia kwa hofu kwamba shangazi, umesahau, wanawake wa kwetu yai ni mwiko, mtatokwa na vipele mwili mzima. Akanitazama kama mtu mwenye homa. Akaniuliza nani aliyenifundisha mambo hayo. Nikasema dada Mwanahalima, tangu nikiwa mdogo. Akasema mwiko wa ukoo wetu ni mmoja tu, nyama ya pongo, kwa wanaume na wanawake, na kwamba mama yake aliyemzaa yeye na baba alikuwa akila mayai mpaka siku ya kufa kwake na ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtoto. Akaniuliza mlikuwa na kuku wangapi, wewe na dada yako, baada ya wazazi kufariki. Nikasema mmoja. Akaweka kipande cha yai kwenye sahani, akafuta macho kwa ncha ya kanga yake, akasema mtoto yule, Mwanahalima.

Nilirudi Zegereni nikalikuta kapu lako juu ya sanduku langu. Nikachukua yai moja nikalichemsha kama kawaida. Nikalimenya. Halikupita, dada. Nililiweka mdomoni nikalitoa. Nikampa paka wa ghala.

Kumi na tisa yaliyobaki niliyapeleka kwa Sikuzani, mke wa Kitwana. Alikuwa na kuku wawili waliokuwa wanataka kuatamia na mayai ya kuwawekea hana. Nikamwomba awawekee haya. Sikuzani aliyainua moja moja kwenye mwanga, akayalaza kwenye majani. Kitwana alipojua alinifokea nusu saa nzima, bila utani, na Mnyamwezi akiacha utani ujue mambo yameharibika. Alisema nimetupa inchi moja kwenye viota. Alisema yule sajini ananingoja na kicheko chake. Aliniuliza kama nimelogwa. Nilimwambia siwezi kuyala na siwezi kusema sababu. Akasema haya, basi mtoni.

Tukaanza kwenda Ruvu kila Ijumaa kuvua kambare, na wengine Sikuzani aliwabanika tukawaweka kwa siku za kazi. Kunde zako nikala mpaka ya mwisho, nikanunua nyingine, nikaongeza choroko, na mtu mmoja wa Kwala mwenye mbuzi akawa ananiletea maziwa kwa kubadilishana na unga wa posho yangu. Mvua ikanyesha, mchanga wa madebe ukalowa ukawa mzito zaidi, Kitwana akasema vizuri. Lakini tazama mafundo kwenye uzi. Lile la saba na la nane yanakaribia kugusana, kati yake hapapiti punje ya mtama. Nilikuwa nalala kwa nidhamu lakini nilikuwa naamka naushika uzi gizani. Kila nikiupima, nilikuwa namwona Mwinyijuma amekaa kwenye kigoda.

Sasa bomani. Jumatatu ya wiki iliyopita nilifika Kisarawe mapema, nguo zimelowa matope mpaka magotini. Tulikuwa thelathini na sita. Sajini alikuwa yule yule na kovu lake. Akanitambua mara moja, akawaambia wenzake kwamba mtu wa maulidi amerudi. Nilivua shati, na niliona kwamba macho yake yalikaa kifuani pangu zaidi kuliko alivyotaka.

Dresa, yule msaidizi wa daktari aliyekuwa anapima, alinizungushia utepe, akaniambia nishushe mabega nipumue kama nimekaa nyumbani. Nikajaribu kupumua kama nimekaa nyumbani, nikakumbuka mlango wetu, moshi wa jikoni, sauti yako unamfukuza kuku. Dresa akasoma thelathini na tatu. Sajini akasema haiwezekani, akaja mwenyewe, akaukaza utepe kama anafunga mzigo wa kwenda nao bara. Nikaendelea kupumua kama niko nyumbani. Ikaja thelathini na tatu, kamili, alama juu ya alama. Nilipovuta pumzi ikafika thelathini na tano na robo. Mizani ikasema pauni mia moja na thelathini na nne.

Nimepita, dada. Sasa piga kigelegele chako, kisha urudi.

Sajini akaniuliza nimekula nini mwaka mzima. Nikamwambia kunde. Akasema hata yeye atazitafuta. Karani wakati wa kunijazia fomu akaniuliza jina la mtu wa kuarifiwa nikipatwa na jambo. Nikamtajia Mwanahalima binti Abdala. Akaniuliza ni mkeo. Nikasema ni dada yangu. Akasema kwa kawaida huandikwa baba au mama. Nikamwambia huyo huyo ndiye. Akaandika bila kubishana.

Na sasa ni lile neno nililosema ni la kwetu wawili. Nimelizungusha kurasa zote hizi kwa sababu naliogopa.

Ukisoma mpaka hapa utadhani kwamba shangazi Mwanamvua ndiye aliyenifumbua macho, nikaacha kula mayai yako siku ile nilipojua. Ningependa iwe hivyo. Nilimwambia Kitwana siwezi kusema sababu, na sababu ni kwamba nilijua tangu zamani, dada. Nilijua nikiwa na miaka sita.

Ulikuwa mwaka ule muhogo ulipooza ardhini kwa mvua. Tulikuwa na yule kuku mweusi asiye na mkia. Mayai mengine uliyapeleka misheni kubadilishana na chumvi, na kila Ijumaa ulinichemshia moja, ukalimenya, ukanipa mlangoni na chumvi kwenye jani. Siku moja chumvi ilikwisha kabla ya yai. Nikakufuata nyuma ya jiko nikuombe nyingine. Ulikuwa umechuchumaa, umenipa mgongo nusu, maganda yamo kwenye kanga mapajani. Ulikuwa unapitisha ukucha ndani ya ganda, ile ngozi nyembamba na weupe kidogo ulioshikamana nayo, unatia mdomoni, umefumba macho. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulimaliza moja ukachukua kipande kingine.

Hukuniona. Nilirudi kwa ncha za vidole. Nusu ya yai ilikuwa bado mkononi mwangu, dada. Ningeweza kukuletea. Ilikuwa hatua kumi tu. Nilichofanya ni kuisukuma yote mdomoni na kuimeza haraka haraka, nikakabwa mpaka machozi yakanitoka, kwa kuogopa kwamba ukimaliza maganda utakuja kuitaka. Na Ijumaa iliyofuata nikakaa tena mlangoni nikangoja.

Nilikuwa mtoto, utasema hivyo, nakusikia. Lakini niliendelea kukua na sikusema. Watu walipokuambia wewe na mwiko wako mnasumbua, na mimi nilicheka nao. Kwenye harusi ya jirani yetu Tatu walipokuletea sahani ya pilau na yai juu, ni mimi niliyewahi kusema kwamba dada yangu yai haligusi, nipeni mimi. Nikalila mbele yako, nawe ukaangalia pembeni ukauliza kama bibi harusi ameshatoka. Miaka kumi na mitano umeubeba ule uongo kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nakusaidia kuubeba kwa sababu ulikuwa unanilisha. Hata makapu haya manne. Matatu niliyala nikijua. Nilijiambia ni kwa ajili ya inchi, na inchi ni kwa ajili yako. Shangazi alipoyataja yale maneno kwa sauti, ndipo uongo ukanikwama kooni.

Ndiyo maana nilitaka inchi ile ya mwisho nisiitoe kwako. Kama ningeshindwa ningeshindwa. Nisamehe kwamba niliweka na bahati yako rehani bila kukuuliza. Naomba radhi kwa yote, kuanzia ile nusu ya yai.

Katika mayai yale kumi na tisa, lori lilikuwa limeyatikisa mengi na mvua ikaharibu mengine. Yalianguliwa saba. Mwewe alichukua mmoja, na mmoja Sikuzani amebaki naye kwa ada ya kuku zake. Watano waliobaki wameshaota manyoya kamili, mitemba minne ambayo bado haijataga na jogoo mmoja mwenye kelele nyingi ambaye Kitwana amempa jina langu. Barabara ikikauka wiki hii Shomari atakuletea kwenye tenga. Wafungie ndani usiku, wale nguchiro wa nyuma ya choo sijawasahau. Shomari amebeba pia kunde za mbegu kutoka kwa Kitwana, anasema ni posho ya mama wa jeshi.

Jambo la Mwinyijuma. Mimi ni mdogo wako na siwezi kukuamuru kitu, lakini baba hayupo na walii wako ni mimi. Kwa hiyo nimemwandikia Mwalimu Husseini barua nyingine, fupi, kwa zile herufi anazozipenda yeye, kwamba walii wa Mwanahalima ameridhia ikiwa mwenyewe ameridhia, na kwamba mtoto aliyekabidhiwa ameshajilisha. Ataisoma kwa sauti kubwa, najua, na safari hii mwache asome. Mwinyijuma akija kukaa kwenye kigoda, mjibu unavyotaka wewe. Ukimkataa pia nitakuwa upande wako, ila sababu isiwe mimi tena.

Naripoti depo tarehe tano Juni, siku moja kabla ya mwezi kuandama kama hesabu ya Kitwana ni sahihi, kwa hiyo Ramadhani hii nitafunga kambini. Niombee nisishindwe gwaride la mchana. Likizo yangu ya kwanza ni baada ya miezi sita. Mpaka wakati huo mitemba itakuwa imeanza kutaga.

Msalimie Mwalimu Husseini, msalimie Tatu na wanawe, mwambie Mwinyijuma kwamba mlangoni pako hapana kizuizi changu tena. Kitwana na Sikuzani wanakusalimu sana, Kitwana kwa maneno yake na mimi nimeyachuja. Shangazi Mwanamvua anasema uje Mlandizi goti likipona, ana neno la kukuambia na anataka kukuambia kwa kukukumbatia. Nakuacha mikononi mwa Mola akulinde mpaka nije.

Siku nitakayofika usiwashe moto. Nitauwasha mimi. Nitachemsha mayai mawili, nitayamenya mimi, chumvi nitaiweka kwenye jani, na utakaa mlangoni pale nilipokuwa nakaa mimi. Moja lako, zima, mpaka kiini. Maganda tutawatupia kuku.

Ni mimi mdogo wako unayempenda kuliko anavyostahili,

Maneno bin Abdala